Nina mkanda wa kijani wa karate ila nilivyopigwa roba (kukabwa shingo) niliganda, nijiandaeje?

Wakala wa Korongoni:
Wakuu habari za jumapili. Nipo Dodoma, nafanya uwakala wa pesa pale Sabasaba, naishi Nkuhungu. Wiki mbili zilizopita nimefunga saa tatu na nusu usiku, nimeshuka kwenye daladala nakata ile njia ya korongoni kama kawaida yangu, hedifoni masikioni, wakaibuka madogo wawili. Mmoja kanipiga roba ya nyuma mwingine kashika kisu kile cha kukatia nyanya, simu ikaenda na elfu 85 ikaenda.

Sasa kinachoniuma sio simu. Nikiwa chuo nilicheza karate miaka 2, kutoka kwenye roba tulifundishwa na nilikua nafanya vizuri tu na wenzangu, lakini siku ile mikono haikunyanyuka, sauti haikutoka, nilichoona ni kisu tu, hata sura ya aliyekishika siikumbuki mpaka leo. Wife ananipa pole ila naona kama ananiangalia tofauti (labda ni mimi tu). Nikisikia mtu anakimbia nyuma yangu moyo unataka kutoka. Je nirudi karate, niende ngumi, au ninunue ile pilipili ya kupuliza? Msinicheke jamani.

Zabibu Chungu:
Mkanda si ungewafunga nao mikono mkuu 😂😂

Mlinzi Mstaafu:
Dogo achana na huyo wa zabibu. Kuganda sio kupungukiwa uanaume, mwili ukishtuka unamwaga adrenalini, moyo unaenda mbio, macho yanang'ang'ania kitu kimoja ndo maana uliona kisu tu, na vidole vinakua kama sio vyako hata loki ya simu hufungui. Mimi nimelinda magodauni miaka mingi na siku ya kwanza nilisahau kama nina filimbi shingoni.

Tatizo la ukumbini ni kwamba mwenzako anakupa shingo na wewe unajua roba inakuja, tena mmevaa nguo nyeupe na taa zinawaka. Mhuni hakupigii hodi. Chukua kitu kimoja tu, mfano hiyo roba: kidevu chini na ukigeuze kuelekea kwenye kiwiko chake upate pa kupumulia, mikono yote miwili vuta ule mkono unaokaba. Basi. Sasa kifanye ukiwa umechoka, umetoka kukimbia, gizani, mtu anakutukana na hujui atakuja saa ngapi. Na pumzi zifanyie mazoezi, vuta kwa hesabu ya nne toa kwa nne, ukiwa hata kwenye daladala.

Alafu kuna mwanajeshi wa zamani wa Marekani, Jeff Cooper, aligawa umakini kwa rangi, nyeupe, njano, chungwa na nyekundu, kuanzia nyeupe ambapo huna habari kabisa mpaka nyekundu ambapo uko tayari kupambana. Wewe ulikua nyeupe kabisa, hedifoni masikioni na hela mfukoni, korongoni, usiku. Njano sio uoga, ni kama bodaboda anavyotupia jicho kioo cha pembeni huku anapiga stori na abiria.

Kwenye kisu uliwapa, ukafanya vizuri. Hapo mkanda mweusi pia angetoa simu.

Dada wa Ilazo:
Pole sana kaka angu. Mimi ni nesi natoka zamu usiku, kilichonisaidia ni kuamua kabla. Nimeshaamua kabisa, wakitaka pochi naitupa kushoto nakimbia kulia, sibishani. Ila mtu akitaka kunivuta gizani au kunipandisha gari hapo meno, kucha, kila kitu, maana huko napopelekwa ni kubaya kuliko hapa nilipo. Ukiwa umeamua kichwa hakianzi kufanya mkutano siku hiyo.

Pilipili sikushauri, huu upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba utajipulizia mwenyewe na vumbi juu.

Panga Butu:
Mnazunguka sana. Tembea na panga, wakikimbia wafukuze, piga kelele MWIZI, raia watamaliza kazi.

Mwanasheria Mlalahoi:
Panga Butu utamfunga mwenzio. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 18 kinakupa haki ya kujitetea wewe, mtu mwingine na hata mali, lakini nguvu iwe ya kiasi kinachofaa kwa hatari iliyopo. Mtu ameshakupa mgongo anakimbia, ukimkata hapo hujitetei tena, unashambulia. Na hiyo MWIZI mnaijua wenyewe, wananchi wenye hasira kali hawaulizi nani ni nani, unaweza ukawa wewe uliyeshika panga ndo unapigwa mawe. Piga kelele nisaidieni, taja mtaa, kimbilia kwenye taa. Ukiumia pitia polisi chukua PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) uende nayo hospitali, namba ya dharura ni 112.

Ngumi Mkononi:
Naongezea, ukilazimika kupiga uso usipige ngumi tupu, mfupa wa upande wa kidole cha mwisho unavunjika kirahisi sana, mimi wangu hadi leo umepinda. Tumia kiganja.

Wakala wa Korongoni:
Mzee Mlinzi shikamoo, na wengine wote asanteni. Mrejesho: sasa hivi nafunga saa mbili, nazunguka barabara kubwa, hela naacha dukani kwa jirani. Nimempa shemeji yangu tenda ya kunivizia muda wowote bila taarifa. Mara mbili za kwanza niliganda tena, juzi kanikaba natoka bombani nina ndoo, kidevu kikashuka chenyewe kabla sijawaza, ila ndoo nzima ikamwagika uwanjani. Na maji yenyewe mnayajua yanavyotoka huku kwetu. Wife kasema wiki nzima nachota mimi.