Saratani ya umio: tumchunguze nani kwanza?

Mkaazi wa Kisauni: Asalaam aleikum. Fomu ya Ulaya ya kukadiria hatari huuliza kiungulia, unene na umri wa zaidi ya miaka 50. Yatufaa hapa Mombasa? Na kahawa tungu je?

Tabibu wa Mvita: Waaleikum salaam. Itakupoteza. Kiungulia na unene huashiria saratani ya seli za tezi, inayoota sehemu ya chini ya umio. Iliyoenea Afrika Mashariki ni ya seli bapa, zile zinazotanda ukuta wa ndani wa umio. Uliza tumbaku, hata ya kutafuna. Pombe, hasa vikienda pamoja. Moshi wa kuni ndani ya nyumba. Ndugu wa damu aliyeugua. Uliza pia alikokulia: Bomet na jirani zake wana wagonjwa wengi, na kuhamia pwani hakufuti miaka ya huko.

Bi Likoni: Kahawa haina kosa, kosa ni joto. Mwaka 2016 IARC, shirika la utafiti wa saratani la WHO, iliviweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani. Usiulize "wanywa moto?", kila mtu atasema wastani. Tia kipimajoto kikombeni anapoanza kunywa.

Fundi wa Kamera: Alama za fomu hupanga foleni tu. Kwenye endoskopi (kamera ya kupitishwa kooni) nyunyiza rangi ya iodini ya Lugol (uliza mzio kwanza): ukuta wenye afya hugeuka kahawia, seli mbovu zilizopungukiwa glaikojeni (akiba ya sukari ndani ya seli) hubaki manjano. Hapo ndipo pa kukata kipande kidogo cha kupima. Anayekwamwa na ugali huku akikonda, usimhesabie alama. Mpeleke wiki hiyohiyo.