Natumia vidonge vya homoni lakini FSH bado iko juu, dawa imegoma?

mama_pacha: Habari za jioni wadau, hasa kina mama wenzangu. Nina miaka 54, hedhi ilishakata kitambo, joto la ghafla likanitesa usiku mpaka shuka zinalowa, daktari wa kina mama akanianzishia vidonge vya estradioli (aina ya estrojeni) na projesteroni kwa kuwa kizazi bado ninacho. Kusema ukweli sasa hivi nalala. Ila juzi kwa kiherehere changu nikaenda kupima homoni, FSH ikatoka 48, kabla ya dawa ilikuwa 80 na ushee. Mdogo wangu anasema dawa ingekuwa inafanya kazi ingeshuka iwe kama ya msichana. Niongeze dozi?

nesi_mstaafu: Dada yangu usiongeze chochote. FSH inatoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo, kazi yake ni kuziamsha ovari zikuze mayai, sasa ovari zikishachoka haziitiki, tezi nayo inazidi kupaza sauti, ndo maana ukikoma hedhi FSH na mwenzake LH, homoni nyingine ya tezi hiyo hiyo, zinapanda huku estradioli ikishuka. Ukimeza estrojeni tezi inatulia kiasi, hiyo ndo 80 yako kuwa 48. Lakini estrojeni siyo breki pekee!! kuna kitu kinaitwa inhibini, kinatengenezwa na ovari zenyewe kwenye vifuko vya mayai, na vidonge vyako havikirudishi. Kwa hiyo FSH kubaki juu ni kawaida kabisa, na mayai hayarudi pia. Dozi inapimwa kwa unavyojisikia, siyo kwa FSH. Umesema unalala, basi.

Mzee wa Kona: Naongezea la wife wangu. Alianzia vidonge, joto likaisha ila hamu ya tendo ikapotea kabisa, nikajua nimechokwa 😅 Daktari akatueleza kidonge kinapita kwenye ini kwanza, ini linaamka na kutoa kwa wingi protini inayobeba homoni, SHBG, hiyo inaishika testosteroni, inayobaki huru inakuwa kidogo. Akahamishiwa plasta ya kubandika kwenye ngozi, ambayo haipiti njia ya ini. Na hatari ya damu kuganda kwenye plasta ni ndogo kuliko vidonge.

shangazi wa Tanga: Mimi naogopa kansa ya titi jamani

nesi_mstaafu: @shangazi hofu hiyo ilienea 2002, utafiti mkubwa wa Marekani, WHI, ulisimamisha sehemu ya estrojeni pamoja na projestini (dawa inayofanya kazi kama projesteroni). Walioongezeka kupata kansa ya titi ni kama 8 zaidi kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka, na wastani wa umri wao ulikuwa 63, siyo hawa wa 50 na kitu wanaoanza mapema. Hatari ipo, siyo kwamba haipo, ndo maana mwenye historia ya kansa ya titi au damu kuganda kwa kawaida hapewi. Na mama_pacha hiyo projesteroni usiiruke hata siku moja, estrojeni peke yake inanenepesha ukuta wa kizazi mpaka unaweza kuleta kansa. Ukiona damu usiyoielewa nenda hospitali.

mama_pacha: Asante dada. Na estradioli yangu ilitoka ndogo nikashangaa, hiyo nayo vipi?

nesi_mstaafu: Ukimeza kidonge, utumbo na ini vinaigeuza nyingi kuwa estroni, aina nyingine ya estrojeni, na estroni hukupima. Pesa ya vipimo kula kuku.