Mjadala: Je, ilikuwa haki kumnyima Sir Charles Dilke uwaziri hadi kufa kwake?

Ndugu washiriki, swali lililo mbele yetu ni kama kiongozi aliyetiwa doa na kesi ya ugoni anastahili kupewa tena dhamana ya umma, na waliotangulia wamejibu kwamba asiyeaminika nyumbani haaminiki barazani. Mimi sikubali, na sababu yangu ni Sir Charles Dilke wa Uingereza ya Malkia Victoria.

Dilke alichaguliwa mbunge wa Chelsea mwaka 1868, akarithi ubaroneti (cheo cha heshima cha kurithiwa) wa baba yake mwaka uliofuata, na mwaka 1871, akihutubia Newcastle, alishutumu hadharani gharama za ufalme. Pamoja na hayo, mwishoni mwa 1882 aliingia katika baraza la mawaziri la Gladstone, waziri mkuu wa chama cha Liberali, na wapo waliomtazamia kuwa waziri mkuu.

Julai 1885, Virginia Crawford, mwanamke wa miaka 22, alimwambia mumewe kwamba amezini na Dilke. Mume akadai talaka, akimtaja Dilke kuwa mgoni. Shauri liliposikilizwa Februari 1886, jaji alimwondoa Dilke katika shauri kwa kuwa ungamo la mke, lisilo la kiapo, lilikuwa ushahidi juu ya mke mwenyewe tu. Kisha kwa ungamo lilelile akampa mume talaka ya awali, yaani ambayo bado haijathibitishwa. Kwa maneno mengine, mke alihesabiwa kuwa amezini na mwanamume ambaye mahakama haikumwona na hatia! W. T. Stead, mhariri wa gazeti la Pall Mall Gazette, hakuliacha jambo hilo, na Julai shauri likafunguliwa upya. Hapo ndipo ninapoiona dhuluma: kwa kuwa alikwisha kuondolewa, Dilke hakuwa tena mhusika, mawakili wake hawakuruhusiwa kumhoji Virginia, lakini mzigo wa kuonyesha kwamba ungamo lile ni la uongo ukamwangukia Dilke mwenyewe. Akashindwa. Kiti cha Chelsea alikuwa amekipoteza katika uchaguzi wa mwezi huohuo.

Sisemi kwamba alikuwa msafi. Februari alikubali ushauri wa mawakili wake asipande kizimbani, kwa hofu kwamba maisha yake ya nyuma yangefukuliwa, na kunyamaza kule kulimgharimu kwa haki. Wala simwiti Virginia mwongo, kwa maana wanahistoria hawajaafikiana hadi leo.

Ninachokitetea ni uamuzi wa wapiga kura wa Forest of Dean, jimbo la wachimba makaa, waliomchagua mwaka 1892 wakiyajua yote hayo na kumweka bungeni hadi alipofariki Januari 1911. Akiwa mbunge wa kawaida, mwaka 1897 aliufikisha bungeni ukatili uliokuwa ukitendeka Kongo chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, miaka sita kabla ya mjadala wa Mei 1903 uliofuatiwa na safari ya uchunguzi ya Roger Casement, konseli wa Uingereza huko. Mswada wa bodi za mishahara, wa kuwalinda waliolipwa ujira duni kabisa, wengi wao wanawake, aliurudisha bungeni mara kwa mara hadi sheria ya namna hiyo ilipopitishwa mwaka 1909. Hata hivyo, Waliberali, chama chake mwenyewe, waliporudi madarakani mwaka 1905, hawakumpa wizara yoyote.

Basi ninawauliza mnaoshikilia kwamba mtu wa namna hiyo afungiwe milango yote: wachimba makaa wale walikosea wapi?