Filamu za Kifaransa za tajiri na kabwela: ukuta unavunjwa au unapigwa chokaa?

MWANZISHA MADA

Wakuu, habari za jioni. Wiki iliyopita mimi na mke wangu nusura tulale vyumba tofauti kwa sababu ya filamu. Si ya vita wala ya majini. Ni ya mapenzi, ya Kifaransa, inaitwa Pas son genre (2014), yaani "Si wa aina yake". Mwalimu wa falsafa, mtoto wa Paris, anapangiwa kufundisha Arras, mji wa kaskazini, na yeye anaona kama amefungwa. Huko anampata Jennifer, msusi, mama wa mtoto mmoja, mtu wa karaoke na wenzake wa saluni. Wanapendana kweli. Huyu anamsomea vitabu kitandani, yule anamtoa kwenda kuimba. Halafu siku moja mtaani, kwenye sherehe za mji, wanakutana na mwalimu mwenzake na mumewe. Wanapiga stori, wanacheka, na jamaa hamtambulishi Jennifer. Mwanamke amesimama pembeni kama begi la mtu. Mwishowe Jennifer anaondoka mjini bila kuaga, jamaa akija kumtafuta hayupo.

Mke wangu anasema mwisho ule ni ukatili. Mimi nasema ndiyo filamu pekee ya aina hiyo niliyoiona ikisema kweli.

Hoja yangu ni hii. Kwenye komedi zao za wapenzi wasiolingana, tajiri akishuka kwa maskini ni kama ameenda matembezini, ila maskini akipanda kwa tajiri nauli analipa mwenyewe. Chukua Les Femmes du 6e étage (2011). Paris ya 1962, dalali wa hisa anagundua kwamba ghorofa ya sita ya jengo lake wamejazana wajakazi wa Kihispania na choo chao kimeziba. Anawatengenezea choo, anawazoea, mwisho anahamia huko juu na kufurahi kama mtoto aliyepewa chumba chake mwenyewe. Fabrice Luchini kamcheza bwana huyo vizuri, sikatai. Lakini chumba kile kwa mjakazi wa Kihispania ni kazi, kwa bwana ni likizo.

Au Romuald et Juliette (1989) ya Coline Serreau. Bosi wa kampuni ya mtindi na mama mweusi anayefanya usafi ofisini kwake usiku, mwenye watoto 5. Bosi anapochimbwa na wasaidizi wake, mama ndiye anayemficha kwenye nyumba yake iliyobanana na kumsaidia arudi kitini. Tuzo yake ni kuolewa na bosi. (Firmine Richard alimfunika Daniel Auteuil mle ndani, na Auteuil ndiye aliyekuwa na jina.)

Tena hili si la jana. Mwaka 1730 mwandishi wa Kifaransa Marivaux aliwachezea watu wa Paris tamthilia yake Le Jeu de l'amour et du hasard. Binti wa kitajiri anabadilishana nguo na kijakazi wake ili amchunguze mchumba. Kumbe mchumba naye kaja kavaa nguo za mtumishi wake. Vurugu tupu, lakini mwisho bwana anajikuta kampenda bibi, na mtumishi kampenda kijakazi. Ndege wa rangi moja. Ukumbi unacheka na kila mtu anarudi kwenye ngazi yake. Nashuku karibu miaka 300 baadaye watoto wa Marivaux bado wanacheza kwenye ua uleule.

Mnasemaje?

KIJANA WA BODABODA

Mkuu umekunywa chai ya wapi? Mtu anatoka kazini kachoka anataka kucheka, wewe unamletea matabaka. Mimi nimeangalia Hors de prix (2006), Audrey Tautou na Gad Elmaleh. Mhudumu wa hoteli anadhaniwa ni tajiri, dada mchunaji anamwingia, akigundua jamaa hana kitu anamkimbia, na jamaa naye akaamua kuwa mchunaji kama yeye! Nilicheka mpaka abiria wawili wakanipita. Pale matajiri ndio wanaochezewa. Nauli kalipa nani?

MWANZISHA MADA

Kalipa jamaa, mdogo wangu. Akiba yake yote iliisha akimnunulia yule dada muda wa kukaa naye, mpaka akawa anahesabu sarafu. Lakini nakubali, ile ni kali. Inasema wazi kwamba hoteli za pwani ya kusini zina bei ya kila kitu, na mapenzi nayo yanatundikwa bei.

MAMA SALUNI

Mimi ni msusi, miaka 17 kwenye kiti. Filamu hiyo ya Arras nimeitafuta baada ya kusoma mada, nimeimaliza jana usiku. Naomba niwaeleze kitu ambacho wanaume hapo juu mmekipita.

Mmesema "hamtambulishi" kama vile ndiyo kosa la kwanza. Si la kwanza. Kabla ya hapo dada anagundua mwenyewe, dukani kwa vitabu, kwamba mpenzi wake ameandika kitabu. Hakuambiwa. Mwanaume ambaye kila siku anamsomea vitabu vya watu wengine amemficha cha kwake! Hapo ndipo mimi nilipopaki.

Niliwahi kuwa na mtu wa chuo, msomi. Mtu mzuri, hakuwahi kunitukana. Tulikuwa tukikutana na wenzake ananiita "huyu rafiki yangu", halafu wanahamia Kiingereza. Si kwamba sielewi Kiingereza, wateja wangu nusu wanaongea hicho hicho wakiwa chini ya draya. Ila alivyohama lugha nilijua nimetolewa nje na mlango umerudishwa polepole nisisikie. Sikumwambia kwa nini niliondoka. Kwa hiyo mke wa mwanzisha mada, kama unasoma: mwisho ule si ukatili. Katili angekuwa yule aliyebaki naye miaka 10.

Na tumkumbuke Émilie Dequenne aliyemcheza Jennifer. Alikuwa Mbelgiji, alifariki Machi 2025. Alimcheza msusi bila kumdharau, na mikono yake ilishika mkasi kama mtu wa kazi.

MTU WA LUBUMBASHI

Jambo wandugu. Huku kwetu Kongo filamu hizi zinatufikia mapema kwa sababu ya lugha, kwa hiyo niruhusuni niseme kidogo. Mwanzisha mada unahesabu pesa tu. Ufaransa kuna pesa na kuna "culture", yaani usomi na ladha za kisomi, na ya pili ndiyo inayoumiza zaidi. Mtaalamu wao wa jamii Pierre Bourdieu aliandika La Distinction mwaka 1979 kueleza jambo hilo hilo: muziki unaoupenda, picha unayotundika ukutani, namna unavyokula, vyote vinakutangaza umetoka wapi.

Angalia Le Goût des autres (2000) ya Agnès Jaoui, iliyopata César, tuzo kubwa ya sinema ya Ufaransa, ya filamu bora. Castella ana kiwanda, ana dereva, ana mlinzi, ana kila kitu. Anampenda Clara, mwigizaji wa jukwaani anayemfundisha Kiingereza. Marafiki wa Clara hawana hela lakini wana vitabu, na wanamcheka mezani huku akiwalipia. Kisha ananunua michoro ya mmoja wao. Clara anaona aibu, anamwendea kumtahadharisha kwamba wanamtumia. Castella anamuuliza kama hakufikiri hata dakika moja kwamba huenda aliipenda tu ile michoro.

Pale mimi nilisimamisha filamu nikatoka nje kuvuta hewa. Jean-Pierre Bacri, aliyemcheza Castella na kuiandika filamu pamoja na Jaoui, hakupandisha hata sauti. Kwa hiyo hapo aliyedharauliwa ni mwenye kiwanda. Ukuta wako unakwendaje?

MWANZISHA MADA

Umenibana, ndugu yangu wa Lubumbashi. Eneo lile ni zuri kuliko hoja yangu.

Lakini naomba nishike kamba moja. Castella alinyoa masharubu kwa ajili ya Clara. Alikwenda kukaa kwenye tamthilia ambazo mwanzoni hakuwa na hamu nazo. Clara alifanya nini? Alitabasamu alipomwona ukumbini. Mwenye kuwekwa chini, awe na fedha au asiwe nazo, ndiye anayebadilika. Nasahihisha basi: anayelipa nauli si maskini, ni yule aliyeambiwa ladha yake ni ya kishamba.

Na ile iliyouza kuliko zote hizi, Qu'est-ce qu'on a fait au Bon Dieu? (2014), tiketi zaidi ya milioni 12 Ufaransa peke yake, ndiyo kabisa. Mabinti wanne wa familia ya Kikatoliki wanaolewa na Mwarabu, Myahudi, Mchina na kijana wa Ivory Coast. Watu walibishana kuhusu ubaguzi wa rangi, sawa. Lakini hesabu wakwe: wakili, mfanyabiashara, mtu wa benki, mwigizaji. Baba wa mabinti na baba wa kijana wa Ivory Coast wanachukiana mpaka wanapokwenda kuvua samaki na kugundua wanafanana kama pacha, wote wahafidhina. Rangi zote ruksa, mradi hakuna mkwe anayekuja na ndoo ya kufanyia usafi.

MTU WA LUBUMBASHI

Hiyo nakupa. Nyongeza ndogo: kila tiketi ya sinema Ufaransa, hata ya filamu ya Marekani, inakatwa kodi ya asilimia 10.72 inayokwenda kwenye mfuko wa CNC, taasisi ya serikali yao ya sinema, kusaidia filamu zao. Bila mfuko wa namna hiyo, nadhani mtayarishaji angemlazimisha Jennifer arudi stesheni akimbilie kifuani kwa mwalimu, mvua ikinyesha.

KIJANA WA BODABODA

Sasa wakubwa niulize la kweli. Mchumba wangu baba yake ana malori matatu. Mimi nina pikipiki, na bado namalizia mkopo wake. Niangalie naye ipi kati ya hizi?

MAMA SALUNI

Usiangalie naye yoyote. Mkikutana na marafiki zake, sikiliza anakutambulishaje.

KIJANA WA BODABODA

Juzi tulikutana nao. Alisema, "Huyu ndo yule niliyewaambia." Hiyo inahesabika?

MAMA SALUNI

Inategemea aliwaambia nini.