Kumleta mwenza Uingereza: mshahara, akiba au viza ya mchumba?

Kijana_wa_Ghala
Wakuu, habari zenu. Nina makazi ya kudumu Uingereza, mchumba yuko nyumbani, na sitaki kubahatisha. Tangu Aprili 11, 2024 kiwango cha chini cha kipato cha anayemleta mwenza ni £29,000 kwa mwaka kabla ya makato. Waliotutangulia walipita kwa £18,600. Mimi niko ghalani, nalipwa kwa saa. Bila ovataimu napata kama £27,400 kwa mwaka, na kazi yenyewe nina miezi minne tu. Benki nina £11,000, na kaka yupo tayari kunikopesha ya kujazia. Naona njia tatu: nisubiri mshahara utimize miezi sita, nichanganye mshahara na akiba, au nianze na viza ya mchumba maana nasikia ndiyo nyepesi. Mnashaurije?

Bahati_Nasibu
Mchumba, mkuu. Anakuja, mnafunga ndoa, mengine yanajipa. Na kaka akuingizie hela kwenye akaunti, nani atajua ni mkopo?

MamaWawili
Mdogo wangu, huyo atakuponza. Mimi nilipita njia ya mchumba, wepesi sikuuona. Kipato wanachodai ni kilekile. Anapewa miezi 6, haruhusiwi kufanya kazi hata ya siku moja, na ndoa lazima ifungwe ndani ya muda huo. Mume wangu alikaa dirishani akihesabu mabasi mpaka akazijua namba zake zote. Halafu mnaomba upya mkiwa ndani. Kwa ada za Aprili 2025 ilikuwa £1,938 kwa ombi la mchumba, kisha £1,321 ya kubadilisha, na hapo ada ya afya, £1,035 kwa kila mwaka wa viza, inakusubiri mlangoni. Mkifunga ndoa nyumbani mkaomba viza ya mwenza moja kwa moja, kwa ada hizohizo ni ile £1,938 mara moja na £3,105 ya afya kwa miezi 33, na akitua anaanza kutafuta kazi. Ya mchumba labda kama kuna sababu ya lazima ya kufungia ndoa huku.

Hesabu_Kali
Kwenye akiba wengi wanateleza, wanadhani pengo ni £1,600 basi wanaweka £1,600. Sivyo. £16,000 za kwanza hazihesabiwi kabisa, na kinachozidi hapo ndicho kinachogawanywa kwa 2.5. Kwa hiyo pengo lako, 1,600 × 2.5, ni £4,000, jumlisha 16,000, unatakiwa uwe na £20,000. Asiye na mshahara kabisa anatakiwa awe na £88,500. Hela hiyo iwe imekaa miezi 6 mikononi mwenu, na mkopo hauhesabiwi. Kaka akikupa zawadi ya kweli, isiyorudishwa, inakubalika, ila miezi 6 inaanza siku ilipoingia. Wewe umepungukiwa £9,000 na ungali na miezi sita ya kungoja. Hapo akiba imekuokolea nini? Na Bahati, kusema mkopo ni zawadi ni udanganyifu. Ukibainika, si ombi hili tu linaloharibika, na yafuatayo yanatiliwa shaka.

Sasa rudi kwenye mshahara. Unalipwa kwa saa, kwa hiyo wanachukua wastani wa miezi 6 kwa mwajiri mmoja, na ovataimu imo. Maana yake slipu sita zijumlike £14,500. Hizo nne ulizonazo zinasomaje?

Kijana_wa_Ghala
Nimezitoa kabatini: 2,290, 2,610, 2,345 na 2,480. Mwezi wa pili ulikuwa wa msimu, tulikesha. Na je, mwenzangu ni muuguzi, mshahara wake wa huko hauwezi kuziba pengo?

Hesabu_Kali
Hauhesabiwi. Kipato chake kingeingia kama angekuwa tayari yuko Uingereza na kibali cha kufanya kazi. Hata barua ya kuahidiwa kazi huku haisaidii. Slipu zako ni £9,725. Zimebaki £4,775 kwa miezi miwili, yaani £2,387.50 kila mwezi. Bila ovataimu unapata kama £2,283. Ni shifti chache tu hizo, bwana.

Subira_Njema
Naongeza la makaratasi, maana mimi kipato kilitosha na bado nikanyimwa. Slipu sita nilikuwa nazo, lakini stetimenti ya benki niliyoweka ilianzia mwezi wa pili, kwa hiyo mshahara wa kwanza ulikuwa kwenye slipu na benki hauonekani. Niliomba upya, nikalipa upya. Siku hizi nikimsaidia mtu nakaa mezani na kalamu ya rangi, natia alama kila slipu na mstari wake kwenye stetimenti. Barua ya mwajiri itaje cheo, mkataba, tangu lini na unalipwa kiasi gani, na slipu na stetimenti za mwisho zisizidi siku 28 kabla ya siku ya kuomba. Wanaolipwa keshi wana kazi zaidi: kisichopita benki ni kama hukukipata.

Halafu usihame kazi! Ukihama, saa ya miezi sita inaanza sifuri. Ipo njia ya wenye muda mfupi kazini, ila lazima kazi ya sasa ifikie £29,000 kwa mwaka na miezi 12 iliyopita uwe umeingiza kiasi hichohicho.

Binamu_wa_Marekani
Huku kwetu kaka yako angefaa. Kipimo ni asilimia 125 ya mstari wa umaskini, kwa idadi ya watu wa nyumba yako, na ukipungukiwa unaruhusiwa mdhamini mwenza, mradi ni raia au mwenye makazi ya kudumu anayeishi Marekani. Ila akitia sahihi fomu ya dhamana, I-864, amejifunga hasa. Hata mkiachana dhamana haifi. Na Kanada ukimdhamini mwenza, kwa kawaida hawakuwekei kiwango cha chini cha mshahara.

Bahati_Nasibu
Basi ahamie Kanada 😂

MamaWawili
Wewe nyamaza kwanza. Kijana, huyo dada ameshafanya mtihani wa Kiingereza? Kiwango cha A1, yaani kile cha chini kabisa, kinatosha kwa kuanzia, ila cheti kitoke kituo wanachokitambua. Msiache mpaka wiki ya mwisho.

Kijana_wa_Ghala
Bado, namwambia leo ajiandikishe. Kaka nimemrudishia hela yake kabla haijalala kwangu. Msimamizi ameniandika shifti mbili za Jumapili mwezi huu, na ya tatu nimeiomba, endapo nitapunguziwa saa. Slipu ya sita ikitoka naileta hapa tuijumlishe pamoja.