Vitenge vifuliwe kabla ya kushona blanketi la vipande?

Muulizaji, Mafinga

Habari zenu mafundi. Ninajiandaa kushona blanketi la vipande kwa kitanda cha futi 5 kwa 6, na ningependa liwe tayari kabla ya baridi ya Juni. Upande wa juu utakuwa wa vitenge vipya nilivyonunua Tunduma, vingi vyekundu na vya buluu iliyokoza, nikivipishanisha na marekani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi. Katikati nitaweka blanketi jembamba la zamani, na chini shuka la pamba ambalo limefuliwa nyumbani kwa miaka mingi. Fundi mmoja wa hapa amenishauri nikate moja kwa moja, kwa kuwa kitambaa kipya hukatika vizuri, ilhali mama mkwe wangu anasisitiza kwamba kila kitambaa kifuliwe kwanza. Nimfuate nani, na kama ni kufua, nifue kwa namna gani?

Fundi wa Mwanjelwa

Ndugu muulizaji, kwa vitambaa ulivyovitaja, mfuate mama mkwe wako. Nyuzi za pamba huvutwa sana wakati wa kufumwa na kunyooshwa kiwandani, na zikiingia majini kwa mara ya kwanza hulegea, ndipo kitambaa kinaporudi, yaani kinapopungua kipimo. Pamba nyingi hurudi kwa asilimia 3 hadi 5 hivi, na marekani mara nyingi hurudi zaidi ya hapo. Hata tukichukua asilimia 4 tu, kitambaa cha mita 2 kitapungua sentimita 8, wakati shuka lako halitapungua kitu kwa sababu lilikwisha kurudi zamani. Ukiviunganisha hivyo hivyo, baada ya kufua mara ya kwanza upande wa juu utakaza, nyuzi dhaifu za mshono zitakatika, na shuka litabaki limejaa mikunjo mikubwa isiyonyooka kwa pasi.

Rangi nayo inanitia wasiwasi, hasa hizo nyekundu karibu na marekani. Lowesha kona ya kila kitenge, ifunike kwa kitambaa cheupe na uigandamize kwa pasi ya moto. Cheupe kikipata doa, kitenge hicho kinachuja. Wengi huloweka kwenye chumvi au siki wakiamini kwamba rangi itashika, lakini kwa pamba iliyotiwa rangi kiwandani dawa hizo hazisaidii, kwa sababu kinachotoka ni rangi ya ziada, nayo huondolewa kwa kufuliwa na kusuuzwa tu.

Fua kitambaa kikiwa kizima, kabla ya kukata, baada ya kupitisha mshono wa zigizaga kwenye kingo zisichanuke. Tumia maji ya moto uleule utakaotumia kufulia blanketi lenyewe, kila rangi na beseni lake, na usuuze mpaka maji yatoke safi. Anika kivulini, kisha upige pasi kingali na unyevu kidogo, ukifuata uelekeo wa nyuzi, kwa maana pasi inayovutwa mshazari hukipinda kitambaa.

Mshonaji wa Njombe

Mimi kwa kawaida sifui kwanza, na ninaona huyo fundi wa Mafinga ameonewa kidogo. Wanga wa kiwandani hukipa kitenge ugumu unaofanya vipande vikatwe kwa kipimo kamili na pembe zake zikutane, jambo ambalo ni gumu sana kwa kitambaa kilicholainika. Blanketi lililoshonwa hivyo hupata vikunjo vidogo vidogo likifuliwa, na wapo wateja wanaovipenda. Hata hivyo, njia hiyo hufaa pale vitambaa vyote vinapokuwa vipya, vya aina moja, na rangi zimeshajaribiwa. Wewe unachanganya vipya na vya zamani, kwa hiyo fua; kisha uvipake wanga mwepesi kabla ya pasi, na ugumu utarudi.

Muulizaji, Mafinga

Nawashukuru sana, nitafua. Je, vile vipande vidogo nilivyopewa na mafundi, vingine vyembamba kuliko kiganja, navyo vifuliwe?

Mama wa Ilula

Vifue mwanangu, ila usivisugue wala kuvikamua, vitabaki nyuzi tupu. Viloweke kwenye beseni la maji ya moto, uvigandamize ndani ya taulo na kuvitandaza vikauke. Kabla ya hapo tenga vya poliesta: choma uzi mmoja, na ukiona unayeyuka na kuacha kidonge kigumu badala ya majivu laini, hiyo si pamba, haitarudi, lakini pasi ya moto itaiharibu. Kipande kinachoendelea kuchuja baada ya kusuuzwa mara kadhaa kiondoe kabisa, hata kama unaipenda rangi yake, kwa sababu itaishia kwenye marekani iliyo jirani yake.