Mapambano yanaisha mapema mno: adui mmoja mkubwa, kundi la wadogo, au tuhamie Pathfinder?

MezaYaJumamosi
Wakuu, naomba mnilinganishie. Naendesha Dungeons & Dragons toleo la tano (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu), vitabu vya 2014. Wachezaji wanne, wote leveli ya 5: mpiganaji, mwizi, kasisi na mchawi. Juzi walikutana na joka changa la kijani, uhai 136, kinga 18 (namba ya kufikia ili kulipiga). Kwenye kitabu lina pointi 3,900 za kupimia ugumu, na kwa kundi langu pambano gumu linaanzia 3,000, la kufisha 4,400. Lilipaswa kuwatoa jasho. Lilipuliza sumu mara moja, likazungukwa, raundi ya tatu chali.

Nafikiria njia tatu: (a) adui mkubwa zaidi, (b) adui wengi wadogo, (c) kuhamia Pathfinder toleo la pili, mchezo mwingine wa aina hii, maana nasikia hesabu zake haziyumbi. Ipi inafaa?

DaduNyekundu
Mkuu, usiangalie uhai, angalia zamu. Ndani ya raundi tatu wachezaji wako wamepata zamu 12, joka limepata tatu ikizidi. Hata ukilipa uhai 200 litakufa vilevile, ila kwa kuchosha watu.

Njia (a) naipinga kabisa. Chukua joka kubwa la kijani: sumu yake ni dadu 16 za pande sita, wastani 56. Mchawi wa leveli ya 5 ana uhai kama 30 hivi. Akishindwa kuhimili, anaanguka kabla hajafanya lolote, na akiwa na uhai 28 kushuka chini amekufa moja kwa moja, kwa sababu ziada ya pigo imefikia uhai wake wote. Hapo hakuna uamuzi wa mchezaji, ni dadu moja tu imeamua.

Ningebaki na joka changa, nikaliazima kitu kimoja walichonacho majoka makubwa: vitendo vya ziada mwishoni mwa zamu za wachezaji. Makubwa yana vitatu kwa raundi, lako lipe kimoja au viwili. Apige mpiganaji, joka litandike mkia. Asogee mwizi, joka lihame. Pia linaruka futi 80 kwa zamu; likiwa na nafasi ya kuruka, halina sababu ya kukaa katikati ya watu wanne wenye silaha.

BintiWaRamani
Mimi niko na (b), ila kwa masharti, kwa sababu kundi likipangwa vibaya linaisha haraka kuliko hilo joka.

Tuchukue hobgoblini wanane, viumbe askari wenye uhai mdogo. Kila mmoja pointi 100, jumla 800. Kwa vitabu vya 2014 adui wakiwa 7 hadi 10 jumla ya pointi zao inazidishwa kwa 2.5 kwa sababu ya wingi wao, unapata 2,000, ambayo kwa kundi lako ni pambano la wastani. Sasa waweke wote mlangoni, wamebanana. Mchawi wako ana mpira wa moto, dadu 8 za pande sita, wastani 28. Hobgoblini ana uhai 11. Hata anayefanikiwa kukwepa anakula nusu, yaani 14, naye anakufa. Kazi imeisha kwa uchawi mmoja.

Hao hao wanane wagawe. Watatu na pinde juu ya ukuta, nyuma ya kinga. Watatu na ngao kwenye daraja jembamba. Wawili watokee nyuma raundi ya pili. Mpira wa moto unafunika duara la nusu kipenyo futi 20, kwa hiyo utakula kikosi kimoja, na mchawi atalazimika kuchagua kipi. Hapo ndipo ugumu wenyewe unapoanza. Tena hobgoblini anaongeza dadu mbili za pande sita mara moja kwa zamu kama mwenzake amesimama karibu na anayepigwa, kwa hiyo wale wa darajani wanauma kweli wakiwa wawili wawili. Wachezaji wakigundua hilo wataanza kuwatenganisha, na mezani hakuna raha kama kuona watu wanne wanabishana wamsukume nani kwanza.

Kasoro yake ni muda. Ukitupa dadu za adui wanane mmoja mmoja, wachezaji wanashika simu. Wape zamu kwa vikosi na utupe dadu zao pamoja.

Mzee_wa_Kete
Kuhusu (c): Pathfinder ya pili hesabu zake kweli zimenyooka. Kwa watu wanne, pambano la wastani ni pointi 80, kali 120, la hatari kabisa 160. Adui wa leveli sawa na yenu ni 40, aliyewazidi leveli mbili ni 80, leveli nne ni 160. Kule adui mmoja anatisha mwenyewe, kwa sababu akipita kinga yako kwa 10 pigo linahesabiwa la kishindo, madhara mara mbili, na leveli zikimzidishia namba anapita mara kwa mara. Sheria zote zinasomwa bure na kihalali kwenye tovuti ya Archives of Nethys, jambo la maana kwetu ambao kitabu kimoja kinaagizwa kwa bei ya kulia.

Lakini wachezaji wako watakosa sana wakipambana na huyo mmoja mkubwa. Wasipojifunza kumtisha, kumwangusha na kutumia vitendo vyao vitatu vya kila zamu kwa akili, watasema mchezo umewaonea. Kama meza inapenda sheria, hamieni. Kama watu wanakuja kupiga stori na kucheka, usiwabadilishie mchezo mzima kwa sababu ya joka moja.

NyotaYaMagharibi
Mnaongelea namba tu. Hao watu walikuwa wanapigania nini? Kama jibu ni "kuua joka", basi kila mtu atasimama apige. Weka mateka wawili kwenye ngome inayoungua, au tambiko litakalokamilika raundi ya tano. Adui dhaifu kabisa anakuwa tatizo pale ambapo kumuua kunakupotezea zamu.

Na adui wajue kukimbia. Sheria za Basic za 1981, toleo la zamani la Dungeons & Dragons, zilikuwa na kipimo cha ari: mwenzao wa kwanza akifa, na tena nusu yao wakiondolewa, unatupa dadu mbili za pande sita, ukizidi namba yao ya ari wanatimka. Naitumia mpaka leo.

DaduNyekundu
Swali kwa mwenye mada: huwa unawapa mapambano mangapi kabla wahusika hawajalala na kurudisha nguvu?

MezaYaJumamosi
Moja, mara chache mawili.

DaduNyekundu
Basi na hilo limo. Kitabu cha 2014 kinakisia mapambano sita hadi nane ya wastani au magumu kwa siku. Wako wanaingia wamejaa na wanamwaga kila kitu. Tumia ile kanuni ya hiari: pumziko fupi lichukue muda wa saa 8, refu siku 7, ili nguvu zisirudi haraka.

MezaYaJumamosi
Asanteni sana. Jumamosi: joka jingine changa, hobgoblini sita, ngome inaungua, mateka wawili. Je, likielekea kufa mapema niliongezee uhai kimyakimya?

BintiWaRamani
Usifanye hivyo kaka. Mchezaji aliyehifadhi pigo lake bora mpaka dakika hiyo ana haki ya kuliona likiua.

Sita ni wengi pia: 3,900 na 600 ni 4,500, umevuka 4,400 kabla hata ya kuzidisha. Waweke watatu, upate 4,200. Kitabu kinaruhusu kutowahesabu wadogo sana kwenye kuzidisha, kwa hiyo hapo bado ni gumu bila kuwa la kufisha. Watatu waanze wao na mateka, joka lishuke raundi ya pili, wakati mpiganaji ameshabeba mtu begani.